Punda Milia wa Évariste

Charleroi, 15 Januari 1995

Yaya Albertine, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa na koti ndani ya nyumba, basi ujue mwenyewe baridi ya huku ni ya namna gani. Lakini tu wazima. Numbi amerefuka hadi viatu vya mwaka jana amemwachia Tina, na Tina ameanza kusoma peke yake, anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Mimi mgongo unanisumbua, maana kazi ya zamu ya usiku kiwandani haina huruma na mtu. Msalimie Mama kwa mikono miwili. Mwambie wajina wake ana kichwa kigumu kama yeye. Mimi humwita Numbi "Mama", kama inavyotakiwa kwa mtoto aliyepewa jina la mama yako, na majirani zangu Wabelgiji hawaishi kushangaa baba mzima kumwita Mama msichana wa miaka kumi na mmoja.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa saba nataka kuwaleta watoto. Lakini si kuja kukaa sebuleni na kusalimia wajomba mmoja mmoja. Nataka vakansi ya kweli, ya familia, ya kulala kwenye hema na kuamka na kuona wanyama. Huku Wazungu wanakwenda Kenya kutazama tembo kupitia dirisha la gari, halafu wanarudi wanatuonyesha picha, sisi tuliozaliwa jirani na mbuga ya Upemba! Unakumbuka Tata, Mungu amrehemu baba yetu, alivyotupandisha kwenye lori la Kampuni ya migodi mpaka Koni, kiboko akatoa kichwa kwenye maji ya Lufira, nawe ukakimbia na kuacha kiatu? Nataka watoto wangu wapate siku moja kama ile. Tina anataka punda milia. Nimeshamwahidi.

Kwa hiyo nitafutie gari lenye nguvu, hema mbili, na mtu anayezijua njia za Upemba. Wewe ni mwalimu, unajuana na kila mtu, haitakuwa kazi kwako.

Mdogo wako,
Évariste


Likasi, 9 Machi 1995

Mdogo wangu Évariste,

Barua yako imenifikia juzi. Posta ya hapa ni jengo tu siku hizi. Ilikuja mpaka Ndola kule Zambia, ikachukuliwa na Augustin, yule dereva wa lori mtoto wa jirani yetu, naye akaivusha mpakani ndani ya soksi. Imefika ikinuka, lakini imefika. Sisi tupo. Mama magoti yanamuuma asubuhi, mchana anayasahau. Hapa mtaani Panda maji yanatoka yakijisikia. Shuleni tunafundisha, tunagoma, tunarudi kufundisha, na wazazi wanatuletea unga ili tusigome tena. Mama nilimsomea barua yako mara mbili, na jioni ile ile alikwenda kuwatangazia wanakwaya wote kwamba wajina wake anakuja.

Sasa hayo mambo yako ya wanyama. Évariste, wewe unaishi wapi? Najua ni Charleroi, nauliza kichwani unaishi wapi. Magari yenye nguvu yaliondoka wakati wa uporaji wa 1991, mengine kwa magurudumu, mengine vipande. Hema la Tata, Mama alilikata akashona magunia ya makaa. Wanyama wa Upemba wanafika Likasi kila wiki, ndiyo, wakiwa wamekaushwa, chini ya mihogo, kwa sababu kila mwenye bunduki na njaa amekwenda huko kabla yako. Tina akitaka kuona punda milia nitampeleka sokoni, ila atamwona nusu nusu, na mwenye kuuza ataapa kwamba ni ng'ombe.

Unataka kuja kumwona Mama, njoo. Nyumba ni yenu. Lakini usiniletee habari za utalii kama vile mimi nina hoteli. Na niambie mambo mawili tu. Mtarudi Ubelgiji tarehe ngapi? Na Hélène anaendeleaje? Umeandika kurasa mbili, umetaja hadi sabuni, mke wako hajapata hata mstari.

Dada yako mkubwa,
Albertine


Charleroi, 20 Aprili 1995

Yaya mpendwa,

Barua yako imetuchekesha sana hapa. Nimewasomea watoto ile ya soksi, Tina akataka kunusa karatasi. Baridi imepungua, miti inatoa majani, mgongo nao umeniachia kidogo. Numbi amepata alama nzuri za hesabu. Nafurahi kusikia Mama anasahau magoti mchana.

Yaya, wewe umezoea kuona upande mbaya wa kila kitu. Nakutumia humu ukurasa niliokata kwenye gazeti. Tazama huyo twiga na hao watoto wa Kizungu wenye kofia. Hiyo ni nchi yenye shida kama yetu, lakini watu wanatembelea. Nchi haiwezi kuishiwa na wanyama wote, haiwezekani. Nimeshanunua darubini mbili na kofia tatu, na watoto wanajifunza majina: kiboko, nyati, punda milia. Jioni baada ya kula tunafanya mtihani. Ungewasikia usingeniandikia mambo ya soko.

Hélène ana kazi nyingi.

Halafu nataka kukuuliza, nauliza tu. Ile shule ya masista bado inapokea wasichana? Masomo yanaanza Septemba kama zamani? Na chumba cha nyuma bado kina vile vitanda viwili vya chuma?

Nitakuletea dawa za Mama za magoti.

Évariste


Likasi, 28 Mei 1995

Évariste,

Salamu za kwako zimefika kwa kila mtu. Baridi ya kwetu nayo imeanza, asubuhi watoto wa shule wanakuja wamejifunika vitenge vya mama zao. Mama mzima. Ametoa kitenge chake cha sikukuu, amekianika, amekikunja, kesho yake amekianika tena, eti ni cha wajina wake. Kwa watu wa mtaa ameacha kusema mjukuu wangu anakuja. Anasema kana kwamba msafiri ni yeye, "Minye nitarudia mu nyumba mu mwezi ya saba." Hata padre ameulizwa kama amejiandaa.

Nilikuuliza maswali mawili. La kwanza umelipita kama hukuliona. La pili umenijibu kwamba Hélène ana kazi nyingi. Hata mimi nina kazi nyingi, lakini mtu akiuliza habari zangu atasikia kama naumwa, kama nacheka, kama nimenenepa. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Évariste, na mimi nilikulea, nakujua.

Kwa sababu umewaahidi watoto, na kwa sababu watoto hawana kosa, nimefanya niwezalo. Upemba usiitaje tena. Lakini kule ziwani Tshangalele nina mvuvi ninayefahamiana naye, anaitwa Carlos, ana mtumbwi mzuri, na viboko wawili watatu wamebaki upande wa matete, wanamchania nyavu kila siku. Anasema atawachukua watoto kwa furaha, labda wageni watawafukuza. Kwenye misheni ya Kapolowe, hapo karibu na ziwa, Sista Adrienne atatupa chumba. Kulala kwenye hema hakuna. Ndege wapo wengi, maji yapo, hewa ipo. Hiyo ndiyo vakansi yako.

Lakini nikuambie kitu. Mtalii hamuulizi mwenyeji habari ya shule. Wala haulizi vitanda kama vipo tangu zamani. Nijibu vizuri: mtarudi tarehe ngapi? Na usimchezee Mama. Mtu akishaanika kitenge mara mbili huwezi kumwambia ulikuwa unatania.

Albertine


Charleroi, 18 Juni 1995

Yaya,

Salamu kwako na kwa Mama, naandika haraka nisikose posta. Tunafika Ndola Jumamosi tarehe 8 Julai. Mwombe Augustin atupokee na lori lake, watoto watalifurahia kuliko basi. Asante kwa Carlos na kwa Sista. Unaona kwamba uliweza?

Mengine tutaongea uso kwa uso. Barua si mahali pake.

Évariste


Likasi, 30 Agosti 1995

Évariste,

Tu wazima. Mama mzima. Watoto hawana homa. Nakuandikia salamu kwa sababu Tata alitufundisha kuanza na salamu, si kwa sababu ninazo.

Ili usije kuniambia siku moja kwamba mambo yalikuwa vinginevyo, nayaandika yalivyokuwa. Mlifika mmejaa vumbi, mmekaa juu ya magunia, Tina ana kofia na darubini shingoni, na mtaa mzima ulitoka kuwatazama. Mama alimshika Numbi mashavu, akamwita kwa jina lake mwenyewe, akalia. Nawe ulilia. Mimi nilisimama pembeni nikajilaumu kwamba nimekuwa mtu wa kushuku shuku. Wiki ile ya kwanza kila nilipokuuliza neno ulichukua mtoto mmoja mkononi ukatoka naye. Nilidhani ni mapenzi.

Kule Kapolowe ulishangaa kuniona nimebeba beseni. Basi ndiyo, nanunua samaki kwa Carlos na wenzake Jumamosi, nauza Likasi Jumatatu kabla ya shule. Sikukuandikia hilo kwa sababu hukuuliza, na kwa sababu ulinitaja kama mwalimu kwa fahari nikaona haya. Ulinitazama, ukasema kazi ni kazi. Nikakushukuru moyoni. Sasa najua ulikuwa unapiga mahesabu kama nitaweza kuwalisha.

Ile siku ya mtumbwi sitaisahau, na ndiyo inayonikasirisha zaidi, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Carlos alizima kelele zetu kwa mkono, na kiboko dume akatoka karibu na matete, akapumua, maji yakamrukia Tina usoni. Tina hakulia. Alisema kwa Kiswahili, "Kiboko," taratibu, kama mtu anayejibu swali la mwalimu. Numbi alicheka mpaka akashika tumbo. Nawe ulimshika bega ukasema, "Unaona, Mama? Nilikuambia." Niliwaza, kumbe mdogo wangu alikuwa na haki, mimi ndiye niliyekuwa nimesahau kufurahi.

Asubuhi yake, mkinywa chai kwa Sista, uliwaambia watoto kwamba kiboko ni mwanzo tu. Unakwenda Lubumbashi na Augustin kutafuta kibali cha Upemba na gari, utarudi nalo, mtaenda kuona punda milia. Ulimwachia Tina darubini zote mbili azitunze. Ulipanda lori, ukapunga mkono.

Watoto walikusubiri na kofia kichwani. Siku zilivyozidi Sista akaanza kuwaombea chakula kwa aibu, nikawarudisha Likasi. Halafu Augustin akapita nyumbani, anatabasamu, ananiuliza kama ulifika salama Ulaya. Hukushuka Lubumbashi. Alikupeleka moja kwa moja mpaka Ndola, uwanja wa ndege. Alidhani sote tunajua. Alipoona uso wangu alikaa chini pale pale mlangoni. "Yaya, aliniambia munapatana," alisema. "Minye nilimubebea hata mufuko."

Ile valizi, lile sanduku ulilosema lina vifaa vya kambi, tumeifungua. Kuna viatu. Viatu vya Tina vya sasa, vya mwaka ujao, na vya mwaka wa baada ya huo. Vya Numbi vivyo hivyo. Vimefungwa vizuri kwenye magazeti. Évariste, ulikaa dukani ukachagua viatu vya miaka mitatu, halafu ukarudi nyumbani ukawafanyia watoto mtihani wa majina ya wanyama.

Numbi alikuwa amesimama nyuma yangu nilipovifungua. Aliangalia namba kwenye soli, moja moja. Hajasema kitu tangu hapo, si kwa Kifaransa, si kwa Kiswahili. Tina bado anauliza kama punda milia wako mbali sana ndiyo maana.

Na Mama? Mama hajakasirika hata kidogo, hilo nalo linaniua. Anasema jina lake limerudi kwake. Anampikia Numbi, anamsuka, anamvisha kitenge. Anasema mtu hawezi kulifukuza jina lake mwenyewe mlangoni. Kwa hiyo usidhani nina wa kunisaidia humu ndani.

Mama yao yuko wapi? Anajua?

Albertine


Charleroi, 27 Septemba 1995

Yaya,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nimesoma yako mara nyingi. Una haki ya kukasirika, sikatai.

Hélène aliondoka mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Anaishi Namur na mtu mwingine. Kesi ya watoto ilikuwa ianze mwezi huu, na wakili wangu aliniambia nisijidanganye: baba anayefanya kazi usiku, nyumba ya vyumba viwili, mtu wa kwetu tena. Wangempa yeye. Ningewaona watoto Jumapili moja na kuruka nyingine, kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa. Ningekaa nao kwenye duka la chipsi nikitazama saa. Sikuweza. Ningekuandikia ukweli ungekataa, na ungekuwa na haki. Ndiyo maana nilikuja na habari ya wanyama. Haikuwa uongo wote. Nilitaka kweli wamwone kiboko.

Hélène nimemwambia wamependa kubaki kidogo kwa familia, shuleni kwa masista. Hajui ni mji gani. Anapiga simu kila siku kabla sijaenda kazini.

Nilijua Mama hatamkataa Numbi. Ukimpa mtoto jina la mtu umempa na mlango wa nyumba ya mtu huyo, kwetu ndivyo ilivyo, na Tina angeingia nyuma ya dada yake. Hilo ndilo lililonipa nguvu. Huko wana hewa safi, wana bibi yao, watakua na adabu. Huku wangekuwa watoto wa jaji.

Usinihukumu, Yaya. Wewe hukuzaa. Hujui mtu anaweza kufanya nini.

Nimemtumia Augustin kule Ndola mzigo wa dawa na daftari. Wabusu.

Évariste


Likasi, 12 Novemba 1995

Évariste,

Mvua zimeanza. Tina alipata malaria, amepona. Dawa zimefika, asante. Mama anatembea vizuri.

Sikuzaa. Ni kweli, na umelisema vizuri, kwa wino wa bluu. Nimelisoma nikiwa nimemshika mwanao kichwa anatapika kwenye beseni langu la samaki. Basi tuliache hapo, maana nikiendelea nitasema neno ambalo halitarudi.

Nakuandikia kwa sababu nimeagizwa. Mambo yamebadilika hapa, na si mimi niliyeyabadilisha.

Numbi alianza kusema tena mwezi wa kumi. Alianza na Mama, kidogo kidogo, kwa Kiswahili cha hapa alichookota kwa watoto wa mtaa. Mama alikuwa anamtembeza sokoni, anamtambulisha kwa kila mwenye kuuza nyanya: huyu ni majina yangu, huyu ni mimi. Watu wanasimama, wanampa mkono kama wanavyompa Mama, wanamwita Mama Numbi, yeye anakubali. Nilidhani ameshazoea. Kumbe kila lori la Augustin likipita alikuwa anatoka kwenda kukaa kwenye jiwe la barabarani mpaka lishushe mtu wa mwisho.

Jumamosi moja wakiwa wanachambua maharage, Numbi akamwuliza bibi yake. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, nilisikia kila neno.

"Nkambo, weye ulikuwa unaacha batoto yako?"

"Minye?" Mama akasema. "Hapana. Minye sikuachaka mutoto hata moya."

"Basi minye haiko weye."

Mama alielewa: mimi si wewe, maana mimi nimeachwa. Aliacha maharage pale yalipo, akaingia chumbani, na jioni hakula. Nilijaribu kuongea naye akanifukuza kwa mkono. Wewe unamjua Mama, tangu tumzike Tata sijamwona hivyo.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, akanituma niwaite wakubwa wa ukoo walio karibu, na Augustin, na Sista Adrienne aliyekuwa mjini. Watu walidhani ni msiba. Mama alichukua kiti chake kile cha mikono, ambacho hata padre hakalii, akakiweka katikati. Akamfunga Numbi kile kitenge cha sikukuu. Akamwambia akae. Halafu yeye mwenyewe, na magoti yake, akashuka chini akakaa kwenye mkeka, mbele ya mtoto. Nilikwenda kumzuia akanitazama nikarudi nyuma.

Akasema mbele ya wote kwamba amekuwa mjinga. Mtoto amekuja amebeba jina lake, akafurahia jina, hakumtazama mtoto. Akasema kwamba aliyetupwa ni yeye mwenyewe, "Kama huyu njo minye, basi Évariste alitupa mama yake mu njia. Minye njo ile alitupa." Halafu akamwambia Numbi, "Minye nikimuita atasema mama amezeeka, hajue mambo ya Bazungu ba Mupoto. Weye njo mama yake. Sema unataka nini, na Yaya Albertine ataandika. Mama akiita, mutoto anaitika."

Na wewe, Évariste, ulijenga mambo yako yote juu ya jina hilo. Ulilitumia kama ufunguo wa mlango wetu. Ulisahau kwamba aliyepewa jina la mama amepewa na ukali wa mama.

Numbi alishika mikono ya kiti kama Mama anavyoishika. Nilifikiri atalia, au atasema anataka kurudi, basi. Nimeandika kama alivyosema, Mama akiwa amesimama nyuma ya bega langu ingawa hajui kusoma:

"Évariste, mutoto yangu. Ulisema bongo, ulitudanganya. Ulisema unaenda kutafuta punda milia. Kuya hapa. Maman yetu umuambie fasi tuko, ni muji gani. Kama hautuwezi, kuya utuambie na kinywa yako, utuache muzuri. Haiko vile bantu banaacha bantu."

Nilimuuliza kama kuna lingine. Akasema Tina asiambiwe tena habari za wanyama.

Nilitaka kumwandikia Hélène mimi mwenyewe, Numbi anajua anwani yake ya Namur kwa moyo. Mama amenikataza. Anasema umeshaagizwa na mama yako, mwingine asiifanye kazi yako.

Albertine


Charleroi, 3 Desemba 1995

Yaya,

Tutarudi Ubelgiji tarehe 7 Januari, watoto wote wawili na mimi. Nimeanza na hili kwa sababu uliniuliza kuanzia Machi, nikakupita.

Ninafika Ndola Jumatano tarehe 20 Desemba. Tikiti za kurudi ninazo mkononi, zina majina yao. Tutakula Noeli na Mama, halafu tutaondoka mchana, na kila mtu atajua tunakokwenda.

Barua niliisoma nimesimama, nilipofika pale penye "mutoto yangu" nikakaa kwenye ngazi. Nimemwita Numbi Mama miaka kumi na moja, nilidhani ni mimi ninayemheshimu yeye. Sikujua kwamba siku moja ataniita na mimi nitashindwa kukataa.

Siku ile ile nilikwenda Namur. Hélène hakunipigia kelele, ningependelea anipigie. Aliniomba jina la mji, akaliandika kwenye kiganja: Likasi. Akaniuliza kama Tina bado anaogopa radi, nikaona sijui. Atatusubiri uwanja wa ndege. Kesi itaendelea, na baada ya niliyofanya wakili ananiambia nishukuru nikipata hata hizo Jumapili. Nikishindwa, nitawaaga kwa kinywa changu. Nakiri naogopa sana, Yaya, naogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa natoroka.

Lile neno nililokuandikia kuhusu kuzaa nalifuta, nakuomba msamaha kwa magoti. Wewe ulikuwa mama yao miezi hii, mimi nilikuwa mnunuzi wa viatu.

Siji na chochote cha kuwafurahisha, hakuna kofia wala darubini. Nikifika nitasimama nje, kwenye ngazi za mbele. Tafadhali mwulize Mama, yule mdogo, kama nitaruhusiwa kuingia.

Évariste